Bi. Norah Nerima na Barabara Isiyokuwa na Mwenyewe

Leo, Ijumaa tarehe 24 Oktoba 2025, Bi. Norah Nerima anafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Shule ya Msingi ya Mawe Mawili, hapa Baba Dogo, kwa miaka thelathini na miwili na miezi tisa. Aliajiriwa Januari 1993 akiwa karani wa shule, na anastaafu akiwa karani wa shule. Hajapandishwa cheo hata mara moja. Walimu wakuu sita wamekuja na kuondoka, na kila mmoja wao, siku ya kwanza, aliuliza swali lile lile: "Funguo za stoo anazo nani?" Jibu halikuwahi kubadilika.

Kamati ya sherehe ilimwomba mwandishi wa wasifu huu aandike ukurasa mmoja wenye furaha. Furaha ipo, na tutaanza nayo. Lakini ukurasa mmoja hautatosha, na furaha peke yake haitatosha pia. Kamati itatuwia radhi.

Mama Gordon, kama tunavyomwita sisi wafanyakazi wenzake, alifika hapa kutoka Busia akiwa na cheti cha uchapaji na mtoto wake Gordon, wa miezi minne, mgongoni. Taipureta aliyoikuta ilikuwa haina herufi "k", na mitihani ya Kiswahili ya mwaka ule wote ilichapwa ikiwa na mapengo, ambayo yeye aliyajaza kwa kalamu, karatasi baada ya karatasi, hadi kidole cha kati kikaota sugu. Shule ilipopata kompyuta mwaka 2006, tayari watoto walikuwa wakimwita yeye Kompyuta, kwa sababu ukimtajia jina la mwanafunzi wa mwaka wowote atakwambia alikuwa darasa gani, mamake alifanya kazi gani, na alipasua dirisha lipi.

Hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kumpa barua yenye kosa akarudishiwa bila alama ya kalamu nyekundu. Mmoja wao alilalamika kwamba anasahihishwa kama mtoto. Mama Gordon alimjibu kwa upole, "Mwalimu, barua ikitoka hapa na kosa, watasema ni karani." Akampa kalamu.

Alikuwa na katoni ya soksi chini ya meza. Soksi zote nyeupe, za ukubwa wote. Mtoto aliyeanguka kwenye mtaro nje ya lango, na walianguka wengi, aliingia ofisini akilia na kutoka akiwa na soksi safi. Kwa miaka mingi tuliliona jambo hilo kuwa la kupendeza. Hatukujiuliza kwa nini shule inahitaji katoni ya soksi.

Sasa tufike barabarani.

Wageni waliokuja leo wameiona. Inapita kati ya lango letu na nyumba za kupanga wanakotoka zaidi ya nusu ya wanafunzi wetu, kisha inateremka hadi kwenye viwanda na maghala. Zamani ilikuwa mashimo matupu, na lori lililopita hapa lilitembea kama mgonjwa. Mwaka 2014 ikawekwa lami. Siku ile kwaya yetu iliimba. Mwandishi wa wasifu huu ndiye aliyetunga maneno ya wimbo, na beti zake tatu ziliisifu lami kana kwamba ni mvua baada ya kiangazi. Hatukuona kwamba hakuna tuta hata moja. Hakuna kivuko. Hakuna njia ya waendao kwa miguu, ni lami, kisha ukingo, kisha mtaro wazi wenye kina cha mtoto wa Darasa la Pili. Malori yaliyokuwa yakitambaa yakaanza kukimbia, na sisi tulikuwa tumeyaimbia.

Mwezi wa Juni 2016, Whitney Awuor wa Darasa la Nne aligongwa akitoka shuleni saa saba mchana. Alikuwa amengoja. Mashahidi wote walisema hivyo: alisimama akangoja, akatazama kulia na kushoto kama tulivyomfundisha, akangoja tena, na magari hayakwisha. Alipoteza mguu wa kushoto chini ya goti. Alirudi shuleni muhula wa tatu kwa mikongojo, na ikabidi babake ambebe mgongoni kila asubuhi kuvuka mita kumi na mbili za lami, kwa sababu mikongojo haikuwa na mahali pa kukanyaga.

Mama Gordon ndiye aliyekimbia nje siku ile. Ndiye aliyepanda na mtoto kwenye gari hadi hospitalini, akarudi jioni, akanawa mikono kwenye bomba la uwanjani kwa muda mrefu sana. Kesho yake alifungua faili jipya. Faili za shule zina namba. Hili lilikuwa la 47. Juu yake aliandika neno moja tu: BARABARA.

Barua ya kwanza aliipeleka kwa mkono kwenye ofisi moja ya barabara, mjini. Waliisoma wakamwambia, "Mama, hiyo barabara si yetu. Hiyo ni ya wale wa pili." Akaenda kwa wale wa pili. Wale wa pili wakacheka kidogo. "Si yetu pia. Rudi kwa wale uliotoka kwao." Yeyote kati yetu angerudi nyumbani. Yeye aliuliza swali la karani: "Mnaweza kuniandikia hivyo?" Walimtazama kama mtu aliyeomba kukopeshwa kiti. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata, hadi kila ofisi ikamwandikia barua yenye sahihi na muhuri, ikisema kwamba barabara inayopita mbele ya Shule ya Mawe Mawili haiihusu. Akazitoboa matundu mawili mawili na kuzitia kwenye faili namba 47.

Mwaka 2018 aliona kwenye gazeti tangazo la shirika moja, Mfuko wa Njia Salama, lililokuwa likitoa ruzuku za kurekebisha barabara karibu na shule. Fomu ilikuwa na kurasa thelathini na moja. Alikuja nayo kwenye chumba cha walimu wakati wa chai akaomba msaada. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa ameketi karibu na dirisha akisahihisha insha. Alimwambia maneno haya, na anayaandika hapa kwa sababu si haki kuandika aibu za wengine na kuficha ya kwake: "Mama Gordon, hiyo ni kazi ya serikali. Sisi tuachie kufundisha."

Alinitazama. "Sawa, Mwalimu. Lakini utamfundisha nani?"

Walimu wengine wakacheka. Nami nikacheka. Fomu aliijaza peke yake kwa wiki tano, baada ya saa za kazi, huku Mwalimu Mkuu wa wakati huo, Bw. Sylvance Owuor, akimpa muhuri wa shule na kumsihi asiseme alipewa na nani. Jibu lilikuja kwa mistari miwili. Ombi halikuonyesha kwa takwimu kwamba tatizo lipo.

Tatizo lilikuwapo. Lilikuwa limeketi dawati la mbele, Darasa la Sita, mikongojo ikiwa imeegemezwa ukutani.

Mtu mwingine angesema mambo ya takwimu hayawezi. Mama Gordon alikwenda kwa Madam Ladan, mwalimu wa hisabati, akamuuliza mwendo wa gari hupimwaje na mtu asiye na mashine. Madam Ladan alimwambia ni umbali na wakati tu, hakuna uchawi. Wakachora mistari miwili ya chaki barabarani, mita hamsini baina yake, wakachukua ile saa ya michezo tunayopimia mbio za mita mia, na Darasa la Saba wakapata somo ambalo halimo kwenye silabasi. Gari linalopita kati ya mistari kwa sekunde tatu linakwenda kilomita sitini kwa saa. Yapo yaliyopita kwa sekunde mbili. Watoto waliyaita ndege. "Madam, hiyo ndege imetupita, hata sijabonyeza!"

Aliyesaidia zaidi hakuwa mfanyakazi wa shule. Luul Abdiwali, mama wa mwanafunzi wetu Fowsiya, aliuza chai ya maziwa na mahamri kwenye mkokoteni mdogo karibu na lango, kuanzia alfajiri hadi mapumziko ya saa nne. Luul aliiona barabara kwa saa ambazo sisi hatukuiona. Alijua kwamba wafanyakazi wa zamu ya asubuhi hupita kwa mamia kabla ya saa kumi na mbili, kwa miguu, gizani. Alijua mzee kipofu wa ghorofa ya tatu huvuka saa ngapi na nani humshika mkono. Alimjua mama mwenye kiti cha magurudumu ambaye kwa miaka miwili hakuwa amekwenda kanisani, kanisa likiwa ng'ambo tu, unalisikia likiimba. Kila mtu aliyeteguka, aliyeparuzwa, aliyesukumwa mtaroni, Luul alimtaja kwa jina, na Mama Gordon akaandika.

"Usiandike watoto peke yao," Luul alimwambia siku moja, akimimina chai. "Sisi wakubwa pia tunataka kufika."

Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha ombi zima. Ombi la pili halikuwa la shule tu. Lilikuwa la wanafunzi, wenye mikokoteni, wafanyakazi wa viwanda, kipofu wa ghorofa ya tatu, waendeshaji boda boda, na mama wa kiti cha magurudumu. Vivuko viwili vilivyoinuliwa, njia pana za miguu pande zote mbili, mitaro iliyofunikwa, na miteremko ya magurudumu. Mchoro aliuchora mhandisi mmoja kijana aliyesoma hapa kwetu, bila malipo, kwa sababu Mama Gordon alimkumbusha dirisha alilopasua mwaka 1999.

Korona ikachelewesha mambo. Ombi lilipelekwa 2021. Machi 2022 barua ikaja: ruzuku imekubaliwa.

Alitoka ofisini akiwa ameishika barua kwa mikono miwili, akavuka uwanja wakati gwaride la asubuhi likiendelea, jambo ambalo hajawahi kumruhusu mtu yeyote kulifanya, akampa Madam Ladan asome. Kisha akaenda nje ya lango. Kutoka uwanjani tulisikia kigelegele cha Luul.

Sharti lilikuwa moja. Ofisi yenye barabara iandike kwamba haina pingamizi. Barua ya ukurasa mmoja. Muda wa kuipata: mwaka mmoja.

Sasa msomaji asome polepole, kwa sababu hapa ndipo mwandishi anaposhindwa kukaa kitini. Zile ofisi mbili ambazo kwa miaka sita zilikuwa zikiapa kwamba barabara si yao, ziliposikia kuna ruzuku, kila moja ilisema barabara ni yake. Ya kwanza ilitaka kazi ipitie kwa mkandarasi wake. Ya pili ilisema ya kwanza haina mamlaka. Ya kwanza ikaandikia ya pili. Ya pili ikaunda kamati. Kamati ikaahirisha. Mama Gordon alikwenda mjini mara ishirini na sita katika mwaka ule. Alikuwa akiomba ruhusa kwa maandishi kila mara, ndiyo maana tunajua idadi. Aliambiwa bosi yuko semina. Aliambiwa bosi amerudi lakini faili liko kwa mwanasheria. Aliambiwa, na hili tulimsikia akilisimulia bila kupaza sauti, "Mama, mbona unajisumbua? Wewe ni karani tu."

Tarehe 31 Machi 2023 muda ukaisha. Ruzuku ikaondolewa. Hakuna aliyefutwa kazi, hakuna aliyeomba msamaha, hakuna hata aliyeandika barua kusema pole. Ingekuwa ni gari la bosi limekwaruzwa, pangeandikwa ripoti.

Jumanne tarehe 9 Mei 2023, siku ya pili ya muhula, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Luul Abdiwali aligongwa na lori akivusha mkokoteni wake. Alikufa papo hapo. Mahali alipoangukia ni pale pale ambapo mchoro ulionyesha kivuko cha kwanza. Si karibu na pale. Ni pale. Mhandisi alikuja baadaye na utepe wake, akapima, akakaa chini ukingoni.

Alizikwa alasiri ile ile. Fowsiya alikuwa Gredi ya Sita. Siku tatu baadaye, waheshimiwa wawili na maafisa wao walifika kwenye matanga wakiwa na magari manne, yakaegeshwa barabarani, upande wote wa kushoto, hata watu wakalazimika kupita katikati ya lami kwenda kuhani. Mmoja wao alisimama akasema kwamba hii ni kazi ya Mungu na haina makosa.

Mama Gordon alikuwa amekaa miongoni mwa wanawake, ameweka mkono begani mwa Fowsiya. Alisimama. Katika miaka thelathini hatukuwahi kumsikia akimkatiza mtu.

"Mheshimiwa, Mungu hakukataa kutia sahihi," alisema.

Mheshimiwa akaangalia saa yake. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa upande wa wanaume, na pale pale aliona kwamba miaka mitano iliyopita alikuwa ameketi karibu na dirisha akicheka. Jioni ile alimfuata Mama Gordon hadi ngazi za nyumba yake.

"Nifanye nini?" nilimuuliza.

Hakunikemea. Ingekuwa afadhali angenikemea. "Unaandika vizuri, Mwalimu," alisema. "Na una sauti. Njoo kesho na kalamu."

Mwezi wa Agosti kulikuwa na mkutano wa hadhara wa kukusanya maoni ya wananchi, katika ukumbi wa mtaa. Ofisi zote mbili zilituma watu. Tulijaza ukumbi: wazazi, wafanyakazi wa zamu ya usiku waliokuja bila kulala, vijana wa boda boda na kofia zao mapajani, mama wa kiti cha magurudumu akiwa amebebwa na wanaume wanne kupanda ngazi, kwa sababu ukumbi nao hauna mteremko. Whitney, wakati huo wa sekondari, alikaa mstari wa mbele na mguu wake wa bandia.

Mama Gordon alipopewa maikrofoni alifungua faili namba 47. Hakuhutubia. Alisoma. Alisoma barua ya ofisi ya kwanza ya mwaka 2016, neno kwa neno, pamoja na tarehe, kumbukumbu namba na jina la aliyetia sahihi: barabara si yetu. Akasoma ya ofisi ya pili: si yetu. Akasoma ya ofisi ya kwanza ya mwaka 2022: ni yetu. Akasoma ya ofisi ya pili: ni yetu. Kisha akasoma majina. Yalikuwa majina sitini na moja, ya watu walioumia tangu lami ilipowekwa, na la mwisho lilikuwa la Luul.

"Sasa nauliza," alisema, na sauti ilikuwa ile ile anayoulizia nani amechukua stepla. "Tarehe 9 Mei, ilikuwa ya nani?"

Afisa mmoja alianza, "Mama, hili ni suala la kiutaratibu..."

Ukumbi haukumwachia amalize. Kijana mmoja wa boda boda alipanda juu ya benchi akapiga kelele, "Jibu swali! Madam ameuliza ilikuwa ya nani!" Na ukumbi mzima ukaanza: ya nani, ya nani, ya nani. Mwandishi wa wasifu huu, mtu mzima, mwalimu wa Kiswahili na Masomo ya Jamii, alipiga meza kwa viganja hadi vikawaka moto. Maafisa wakaondoka kwa mlango wa nyuma.

Baada ya wiki tatu, barua ya kutokuwa na pingamizi ilipatikana. Ilikuwa ukurasa mmoja, na ilikuwa na sahihi za ofisi zote mbili. Kumbe inawezekana. Kumbe ni kazi ya asubuhi moja. Kila tunapoifikiria barua ile, hatuhisi shukrani. Tunahesabu siku kati ya 31 Machi na 9 Mei, ambazo ni thelathini na tisa, na hasira inatupanda upya.

Mfuko wa Njia Salama ulisema ombi la zamani haliwezi kufufuliwa. Ni lazima kuanza upya. Mama Gordon alianza upya. Safari hii alikuwa na Madam Ladan wa takwimu, mhandisi wa michoro, na mwalimu mmoja wa kuandika, aliyesahihishwa kwa kalamu nyekundu hadi akanyenyekea. Ruzuku ilikubaliwa Juni 2024, na kazi ikaanza Januari mwaka huu.

Hata hapo hakupumzika. Mkandarasi alipotaka kupunguza upana wa njia ya miguu upande wa nyumba za kupanga, eti wapangaji hawakai sana, alimkuta Mama Gordon asubuhi akiwa amepiga magoti barabarani na rula ya ubao wa darasani. Mteremko wa magurudumu ulijengwa ukiwa na mwinuko kupita kiasi. Alimwita yule mama wa kiti cha magurudumu, akamwomba aupande mbele ya msimamizi. Alishindwa katikati, kiti kikaanza kurudi nyuma. Msimamizi alikidaka. Mteremko ulibomolewa siku hiyo hiyo na kujengwa upya.

Agosti ikawa uzinduzi. Kulikuwa na mahema, utepe, na kibao cha marumaru chenye majina manne yaliyochongwa. Jina la Norah Nerima halimo. La Luul Abdiwali halimo. Mmoja wa wenye majina yale ni yule aliyesema ni kazi ya Mungu. Wapiga picha walipomtafuta mtu wa shule, Mama Gordon alikuwa ofisini akichapa ripoti za muhula, na alipoitwa alisema ana kazi.

Lakini Jumatatu iliyofuata, saa moja kasorobo asubuhi, tulimwona amesimama langoni na kikombe chake cha chai. Malori yalifika kwenye kivuko kilichoinuliwa, yakapunguza mwendo, yakasimama. Si kwa hisani; tuta lile halimbembelezi mtu. Watoto wakavuka wakizungumza, hawakukimbia, hawakushikana mikono kwa hofu. Wenye mikokoteni wakapita kando yao. Mzee wa ghorofa ya tatu akavuka na fimbo yake, peke yake. Mama Gordon aliwatazama hadi kengele ikalia. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango wa ofisi, na kwa dakika kumi hakumfungulia mtu.

Tangu siku ile hadi leo hakuna mtu aliyegongwa mbele ya shule yetu. Mitaa mingine, Kware na kwingineko, inaomba kusoma faili namba 47, na nakala zimetolewa kwa wote waliokuja. Fowsiya yuko darasani kwetu, Gredi ya Nane, na ndiye atakayemvisha Mama Gordon shada la maua leo, kwa ombi lake mwenyewe.

Rasimu ya wasifu huu tulimwonyesha mhusika, maana hakuna karatasi inayotoka shuleni hapa bila kupita mikononi mwake. Aliirudisha na alama kumi na nne za kalamu nyekundu. Kumi na tatu zilikuwa za nukta na mikato. Ya kumi na nne ilikuwa pale ambapo mwandishi alikuwa amemsifu kwa subira na uvumilivu wake wa miaka mingi. Alikuwa amelikata neno "uvumilivu" kwa mistari miwili.

"Sikuvumilia, Mwalimu," alisema. "Nilikasirika. Kila siku niliyoingia kazini, nilikasirika. Andika hivyo."

Basi na iandikwe. Wazee walituachia usemi kwamba hasira ni hasara, na huenda wao waliona hasira ya aina nyingine. Hii ya Bi. Norah Nerima ilichapwa kwa mistari miwili miwili, ikatiwa tarehe, ikapelekwa mjini kwa miguu na kurudi, na leo watoto mia saba wanakwenda nyumbani juu yake.

Mama Gordon, bodi ya shule, walimu, wazazi na wanafunzi wa Mawe Mawili tunakushukuru kwa kila barua. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, wajukuu wenye kelele, na siku nyingi ambazo hakuna atakayebisha mlango wako kukuletea habari za barabara. Kipande cha kutoka kwetu hadi viwandani bado hakina kivuko. Tunajua. Nenda ukapumzike. Hasira tuachie sisi.

Mwalimu Abdiqadir Magan,
kwa niaba ya wafanyakazi wote